Tupeane uzoefu: shoo au muvi iliyokurudishia hela yako, na ile iliyokula kwako

Kijana wa Keko

Wakuu salama? Naleta hii mada nikiwa na hasira zangu za Desemba ambazo mpaka leo hazijaisha, naombeni mnivumilie.

Mimi ni mpenzi wa burudani toka niko shule ya msingi, hela yangu ya kwanza ya kibarua nilinunulia kanda wakati kiatu kimetoboka. Sasa Desemba nikajichanga nikakata tiketi ya elfu thelathini, ya kawaida hiyo sio VIP, imeandikwa milango wazi saa kumi na mbili jioni, mimi kwa ujinga wangu saa moja nishafika nimenyoosha na shati. Saa tatu dijei. Saa tano dijei. Anapiga zilezile tunazosikia kwenye daladala za Rangi Tatu bure. Saa nane na nusu usiku ndo mwamba kapanda, moto unawaka pembeni, moshi, madansa nane, watu wamepagawa na mimi nimo. Wimbo wa pili, katikati ya beti, jamaa kachukua chupa ya maji akanywa. SAUTI INAENDELEA KUIMBA. Mtu anakunywa maji na anaimba hapohapo na noti ya juu kabisa kaifikia, nilitamani mama angekuwepo aone muujiza. Kuanzia hapo kazi yake ikawa "nyoosheni mikonooo" na "mnasemajeee", waimbaji tukawa sisi. Dakika ishirini na tano nyingi, kashuka, kwaherini. Boda mpaka Keko elfu saba na njiani dereva ananiuliza "vipi shoo ilikuwaje" nikamwambia endesha tu kaka.

Wiki mbili mbele shemeji yangu akaniburuza nikawasikilize bendi ya Sikinde, mimi najua hayo ni mambo ya wazee nimeenda kwa ajili ya nyama choma. Aisee. Wale wazee wimbo mmoja unakwenda zaidi ya dakika kumi, mwimbaji anakusimulia kisa taratibu kama mnaongea barazani, gitaa la solo linamjibu, tarumbeta zinaingia, halafu pakichanganya pale mwisho mpaka wahudumu wanaweka trei chini. Mzee mmoja wa saksafoni aliingia sehemu sio, wenzake wakamwangalia, akacheka, akangoja akaingia tena. Ndo nikajua hawa wanapiga kweli, CD haikosei.

Msinielewe vibaya, bongofleva ya sasa naisikiliza kutwa. Ile ya Diamond ya 2024 anayosalimia watu kwa lugha kibao mpaka Jason Derulo akaja kujiunga kwenye rimiksi, Komasava, nimeichezea mpaka magoti. Kwenye simu ngoma zetu ziko vizuri mno. Tatizo linaanza pale unapotoa hela ukaone kwa macho.

Haya tiririkeni. Shoo, taarabu, bendi, sinema, kibanda umiza, chochote cha hapa Dar ulichokilipia ukatoka unasema hela yangu imerudi, au kilikula kwako. Sharti iwe ya kwako mwenyewe. Chai hatunywi humu.

Mpita Njia

Nimevuta kiti kabisa. Bando linaisha saa sita naomba watu wa stori ndefu waanze wao.

Mama Shani Mbagala

Asante mleta mada. Mie yangu taarabu na imenirudishia hela na riba juu.

Miaka hiyo Jahazi ya Mzee Yusuf iko moto, wanakuja Dar Live pale Zakhem na mie nakaa hatua chache tu. Sasa mie nina wifi yangu, simtaji, na yeye anajijua, alikuwa ananisema mtaa mzima kwamba kaka yake kaoa mwanamke hajui kupika. Mie kimya. Nikashona dera, sare na mashoga zangu sita, rangi ya zambarau na mtandio wa dhahabu, tukakaa meza ya mbele. Kumbe na wifi yuko upande wa pili na genge lake wamevaa kijani. Haya.

Kwa wasiojua taarabu niwape darasa kidogo. Kule hukai kama uko sinema. Mwimbaji anaimba maneno yake lakini kila mtu ana mtu wake kichwani, ukifika ubeti unaokuhusu unanyanyuka na noti yako unaenda kumtunza, unatembea polepoleee kwa mwendo wa maringo, na njia unayopitia ndo barua yenyewe. Noti anapewa mwimbaji lakini ujumbe unamwendea mwingine. Basi pakaimbwa ubeti wa mtu mwenye kazi ya kuhesabu masufuria ya wenzie wakati kwake moto hauwaki. Ukumbi mzima ukasema weeeee. Mie huyo. Elfu kumi mkononi nimeikunjua ili ionekane, badala ya kupita katikati nikazunguka kule kwa kijani, mpaka mbele ya meza ya wifi nikasimama nikajitengeneza mtandio, ndo nikaendelea na safari. Nilipomaliza kutunza mashoga wakaja, noti juu ya noti. Na yeye akainuka ubeti unaofuata, maana mtu wa pwani hakubali, tukawa tunapishana njiani kama daladala. Usiku ule nilitunza elfu thelathini na baba Shani hajui mpaka leo.

Asubuhi wifi kapiga simu. Anacheka. Anasema wifi umeniweza. Toka siku ile masikilizano, mtoto wake wa mwisho nimemlea mie.

Hao watoto wa siku hizi mnawasifu lakini mkitaka kujua Zuchu ile sauti na yale maringo ya jukwaani kayatoa wapi muangalieni mama yake Khadija Kopa. Yule hata akisimama tu bila kuimba ushapata thamani ya kiingilio.

Dogo wa Mburahati

Mama Shani umetisha 😂😂 hiyo zambarau na kijani ni dabi kabisa

Fundi Mitambo

Mleta mada mimi nafunga mitambo ya muziki kwenye shoo miaka mingi sasa, nisikilize kabla hujamlaani huyo msanii, ingawa kwa maji aliyokunywa hana utetezi.

Chukulia shoo yenye wasanii kumi na tano. Promota kakodi mitambo siku moja, gari linafika uwanjani saa nne asubuhi, jua kali, jenereta inapandisha na kushusha umeme, tukimaliza kufunga ni saa kumi jioni na getini watu wameshajaa. Saundi cheki ya nani hapo? Bendi kamili ngoma peke yake inataka maiki saba au nane, weka besi, magitaa mawili, kinanda, tarumbeta, waimbaji, ushapita chaneli ishirini, na kila kimoja lazima kipimwe na mwenyewe akiwepo. Sasa wasanii kumi na tano kila mmoja na bendi yake tutapishana mpaka Jumatano. Kwahiyo promota anasema leteni fleshi, yaani muziki uliorekodiwa tayari. Hiyo ndo shoo yako ya elfu thelathini.

Halafu zipo aina mbili za fleshi. Ipo yenye mdundo mtupu na sauti za waitikiaji kwa nyuma, hiyo msanii anaimba mwenyewe na ni halali yake kabisa, dunia nzima wanafanya. Na ipo ambayo ni wimbo wenyewe kama ulivyo redioni. Wengi wanaleta hii ya pili. Sababu yao wanasema mtu hawezi kuruka na madansa saa nzima halafu pumzi ya kuimba ibaki. Na kweli haibaki kama hufanyi mazoezi. Wimbo umerekodiwa studio mstari mmoja mmoja, umekaa kwenye kiti kuna feni, ukiambiwa uuimbe wote kwa pumzi moja unakuta hata mwenyewe hujui pa kupumulia.

Mimi nimewahi kuambiwa na meneja wa msanii nizime maiki ya msanii wake, na mwenyewe msanii hakuambiwa. Kaimba shoo nzima kwenye maiki iliyozimwa, kashuka ananishukuru "bro leo sauti ilikuwa safi sana". Nikamwambia karibu.

Wanaoweza wapo. Lady Jaydee enzi za Machozi Band, Banana Zorro na bendi yake, Barnaba akishika gitaa, hao ukiwapa maiki na monita inayosikika umemaliza kazi, unakaa pembeni unakula mishkaki.

Kijana wa Keko

Fundi Mitambo hiyo ya maiki imenifanya nilie basi zima la mwendokasi wananiangalia. Lakini mkuu kwa maelezo yako mwenye kosa ni nani sasa, maana hela yangu mimi ilikuwa laivu.

Fundi Mitambo

Wote. Na wewe. Mbona Sikinde ulikuwa huendi mpaka uburuzwe?

Kijana wa Keko

Hilo limenipata.

Msela Mstaarabu

2014 T.I. yule rapa wa Marekani alipokuja tamasha la Fiesta viwanja vya Leaders nilienda na mchumba nikarudi mwenyewe. Shoo ilikuwa kali. Sina la ziada.

Mpita Njia

Msela Mstaarabu rudi hapa umalizie bana

Konda Mstaafu

Yangu ya kibanda umiza, Tandika, kiingilio jero, mabenchi ya mbao, feni moja inazungukia upande wa mwenye banda tu. Vijana wa siku hizi hamtaelewa. Muvi ya Kichina au ya Kihindi ilikuwa haina thamani mpaka Lufufu awe ameipitia. Lufufu anatafsiri, anaigiza sauti ya adui, anaigiza mwanamke, anakuchorea na uswahili wake wa mtaani mpaka yule Mchina unamuona kama amezaliwa Temeke. Ukikodi mkanda ukakuta hajatafsiri unarudisha unadai hela.

Kuna muvi moja ya ngumi niliipenda kupita maelezo, niliiona mara nne pale bandani. Adui mkuu alikuwa na misemo hiyo, anamwambia stelingi maneno mpaka banda zima tunapiga kelele. Miaka imepita, nimenunua simu kubwa, mwanangu akanitafutia ileile kwenye mtandao, safi, picha haina chenga, maandishi chini. Nikakaa na familia nikawaambia tulieni muone vitu. Jamani. Adui haongei. Muvi nzima ameongea mara tatu, tena sauti nyembamba. Ile sehemu tuliyokuwa tunaanguka na mabenchi kumbe jamaa anauliza tu njia ya kwenda mjini. Mke wangu akaniuliza ndo hii uliyokuwa unaisifia miaka yote? Nikazima nikasema simu imejaa.

Mpaka leo nasema ile ya Lufufu ndo ilikuwa muvi, hii nyingine wamekosea.

Binti wa Kwa Remmy

Konda Mstaafu umenikumbusha mbali. Sisi nyumbani ilikuwa bongo muvi, unakodisha sidii sehemu ya kwanza, inaishia binti kashika kisu mlango unafunguliwa, unakimbia dukani kuchukua sehemu ya pili unaambiwa imechukuliwa, na aliyechukua hakai mtaani kwenu. Zipo muvi mpaka leo sijui yule binti alimchoma nani.

Ila niliyoilipia kwa nauli tu ni Aprili 2012. Kanumba, nyota wetu wa bongo muvi, alifariki usiku wa kuamkia tarehe 7 hukuhuku Sinza, mimi nipo kidato cha tatu. Siku ya kumuaga Leaders nilimdanganya mama naenda masomo ya ziada maana ilikuwa likizo, nikapanda gari na sare ya shule. Sijawahi kuona watu vile na sijaona tena. Hakuna msanii jukwaani, hakuna mziki wa kucheza, na watu wamejaa kuliko tamasha lolote, wamepanda miti, wanazimia wanabebwa juu juu kupitishwa kwa wenzao. Mimi nilisimama nyuma huko sikuona jeneza wala nini, niliona migongo ya watu na mbele yangu mama mmoja muuza ndizi kaweka sinia lake chini analia kama mtoto wake. Nilimuuliza mama unamjua? Akasema alikuwa anakuja sebuleni kwangu kila Jumapili. Ni kwenye luninga alimaanisha.

Nyumbani nilikuta mama anaangalia yote kwenye tivii, na mimi sare ina vumbi mpaka kola. Hakunipiga. Alinipa chai akaniuliza "ulimuona?"

Ndo maana watu wakisema bongo muvi ni takataka mimi naumia. Zilikuwa na makosa, kipaza sauti kinaonekana juu ya kichwa, mtu analala na vipodozi vyote, lakini yule kaka alimleta Ramsey Nouah wa Nigeria kuigiza naye kipindi ambacho wengine walikuwa wanagombania hela ya sidii. Sasa hivi tuna tamthilia kwenye king'amuzi kila siku jioni, picha nzuri, nyumba nzuri za Mbweni, mimi naangalia nusu saa nikilala hainiumi. Ile ya kukimbia dukani na malapa haipo tena.

Dogo wa Mburahati

Dah dada umenikata.

Zamu yangu. Mimi ni singeli, nimezaliwa ndani yake. Watu wa Masaki wameijua juzi ila sisi huku Mburahati, Manzese, Tandale ilikuwa muziki wa kigodoro, spika zimefungwa kwenye mti usiku kucha mpaka mjumbe aje. Kiingilio hakuna, unachangia mafuta ya jenereta. Kuna lebo ya Uganda ilitoa mkusanyiko wa madogo wa studio ya Sisso ya hapa kwetu 2017 na baada ya hapo wana wakaanza kuitwa kupiga Ulaya, mtu hajawahi kufika hata Morogoro anaenda kupiga Ulaya kwenye ukumbi wazungu wanajaribu kucheza ile spidi wanapishana na miguu yao.

Ila stori yangu ni ya muvi. Mwaka jana 2025 nikampeleka demu Mlimani City kuangalia Sinners, ile ya Ryan Coogler, Michael B. Jordan kacheza mapacha. Mimi nimeambiwa ni ya wanyonya damu nikajua nitamkumbatia akiogopa, mpango ndo ulikuwa huo. Tiketi mbili, bisi, soda, nishatoboka elfu arobaini na kitu, roho inauma. Muvi ipo 1932 huko Mississippi, wamenunua jengo la zamani wakaligeuza kuwa ukumbi wa muziki, dogo mmoja mtoto wa mchungaji anashika gitaa anaanza kuimba. Sasa anavyoimba, humohumo ndani wanaanza kutokea watu wa zamani wa Afrika na ngoma zao, na watu wa miaka ya mbele na mashine zao za dijei, wote wanacheza pamoja na paa linaungua. Wakuu nilisisimka mpaka kisogoni. Maana bibi yangu wa Kisarawe alikuwa anatuambia ngoma ikipigwa sawasawa wanaocheza sio nyie mnaoonekana peke yenu. Na mimi kwenye kigodoro saa tisa usiku, vumbi limesimama, mashine inakwenda kasi hiyo, nimewahi kuona kitu kama kile nikajua ni usingizi. Nikawa namwambia demu "hii singeli hii, hii singeli hii" ananiambia nyamaza watu wanaangalia.

Na kosa kubwa watu walifanya, majina yalivyoanza kupanda wakasimama wakaondoka. Kuna kipande kinaendelea! Buddy Guy mwenyewe yule mzee wa gitaa anatokea, ndo dogo akiwa kazeeka. Tulibaki kama watu tisa. Mfagiaji kaja na ufagio wake akasimama na yeye akaangalia mpaka mwisho.

Hela ilirudi. Demu alirudi kwao na hakuogopa hata kidogo, ila tuko pamoja mpaka leo.

Mama Shani Mbagala

Bibi yako wa Kisarawe anajua. Mwambie Mama Shani kamsalimia.

Dogo wa Mburahati

Alishatangulia mama. Ila nimezipokea.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mimi sina shoo, kazi zetu hazituruhusu, Jumamosi nyingi naiskia Leaders kwa mbali nikiwa wodini. Ila Profesa Jay alivyotoa ule wimbo wa siku 462 alizolazwa, niliusikiliza kwenye kiti cha wodi saa kumi alfajiri na headfoni sikio moja. Ameimba kitu ambacho mgonjwa anakiona akiwa amelala na sisi tunakiona tukiwa tumesimama, nilikuwa sijawahi kukisikia kutoka upande ule. Mtu tuliyemjua kwa kutuchekesha kwenye kanda. Sikulipia hata senti, nilirushiwa na mgonjwa.

Mpita Njia

😔 nimerudisha bando lingine kwa ajili ya huu uzi

Mzee wa Magomeni Mapipa

Salaam. Nimesoma yote kwa utulivu, mjukuu ndiye aliyenionyesha.

Kijana wa Keko

Shkamoo mzee

Dogo wa Mburahati

Shkamoo babu karibu

Mzee wa Magomeni Mapipa

Marahaba wanangu. Huyo mwenye mada amenifurahisha kwa habari ya Sikinde. Mlimani Park, ndiyo hiyo Sikinde, ilipoanza 1978 mimi nilikuwa na miaka ishirini, nafanya kazi bandarini. Mwimbaji Gurumo, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa bendi ya NUTA, ambayo ndiyo Msondo, toka 1964, na alipotoka kuja kuanzisha Mlimani wapenzi tukagawanyika kama Simba na Yanga. Ndugu wawili nyumba moja mmoja Sikinde mmoja Msondo, hawapeani chumvi. Mimi nilikuwa Sikinde na baba mkwe Msondo, na posa yangu ilichelewa miezi minne kwa sababu hiyohiyo. Hakusema, lakini nilijua.

Lakini mmeuliza ya kulipia. Mimi nitasema ambayo sikulipia. Msasani pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa palikuwa na sinema ya magari, Drive-in, imefunguliwa 1966. Skrini kubwa nje, watu wanaingia na magari yao, kuna spika ndogo unaichukua kwenye nguzo unaitundika dirishani kwenye gari. Jumapili ni picha ya Kihindi, Wahindi wanakuja familia nzima, bibi, babu, vyombo vya chakula, watoto na mikeka. Sisi watoto wa Kiswahili hatuna gari wala hela. Tunatembea kutoka Magomeni kwa miguu, tunakaa nje gizani kwenye majani, picha tunaiona yote, kubwa kama mwezi. Rajesh Khanna anaonekana mpaka machozi. Sauti sasa ndiyo hakuna, sauti imo ndani ya magari ya watu.

Konda Mstaafu

Mzee sasa mlikuwa mnaelewaje? Saa tatu nzima bila sauti?

Mzee wa Magomeni Mapipa

Alikuwepo kijana mmoja katika kundi letu. Anasimama mbele, sisi tumekaa, anatusemea wote. Rajesh akifungua kinywa yeye anatoa maneno, mama akilia yeye analia, wakiimba anatutungia wimbo wa Kiswahili palepale. Tulikuwa tunampa karanga. Wiki nzima mtaani watu wanarudia maneno yake, hata wale wenye baba zao madereva waliokuwa wanaingia ndani na gari walikuwa wanatoka kuja kukaa na sisi nje.

Konda Mstaafu

Huyo ni Lufufu kabla ya Lufufu! Yuko wapi sasa huyo mzee, bado yupo hai?

Mzee wa Magomeni Mapipa

Yupo. Anaandika hapa.

Dogo wa Mburahati

BABU 😭😭😭

Kijana wa Keko

Mzee kumbe wewe! Na Kihindi ulijifunzia wapi?

Mzee wa Magomeni Mapipa

Kihindi sikijui mpaka leo.